Kofia ya Kupimia

Chawa wa kwanza alianguka mchana kweupe, juu ya kitambaa cheupe, mbele ya fundi mwenye macho ya kuona uzi uliokatika ndani ya pindo. Angekuwa na akili angechagua mahali pengine.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pini, maana mdomo wake haukukosa pini. Alizibana kwa midomo, nne tano kwa mpigo, na zikiwa humo humo alipokea wateja, akacheka nao, akagombana nao, na hajawahi kumeza hata moja. Jumamosi hiyo alikuwa ameinamia cherehani yake sebuleni akishona kola za sare. Binti yake, Kidoti, mtoto wa darasa la nne aliyepewa jina hilo kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo chini ya jicho, alikuwa amekaa sakafuni karibu na kanyagio, anakata nyuzi zinazoning'inia. Alikata, akajikuna. Akakata tena, akajikuna tena. Halafu akainuka, akaegemeza kichwa mezani aone kola inavyogeuzwa, na kitu kidogo cha rangi ya ufuta kikadondoka juu ya kitambaa. Kikatulia kidogo. Kisha kikaanza kutembea polepole, kama mtu anayekagua kiwanja.

Mama Pini alitemea pini zote kiganjani.

"Usitikisike," alimwambia mtoto.

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Usitikisike tu."

Alimvuta Kidoti katikati ya magoti, akafumua msuko mmoja nyuma ya sikio. Hakuhitaji kufumua wa pili. Mayai yalikuwa yameng'ang'ania nywele karibu kabisa na ngozi, na hayakutoka alipoyapuliza, wala alipoyakwangua kwa ukucha.

Watu wengi chawa akiwatembelea hawaulizi atatokaje. Wanauliza kwanza ametoka kwa nani. Mama Pini naye alikuwa mtu kama watu. Nyumba yake ilifagiliwa asubuhi na jioni, vipande vya vitambaa vilikaa kwenye kapu lake, na mashuka ya kitanda yalipigwa pasi kama ya hoteli. Chawa aingie humo kwa ruhusa ya nani? Aliingiza ncha ya chaki chini ya kilemba chake, akajikuna utosini, akafikiri. Alikuwa amejikuna hivyo wiki nzima. Joto la pasi hilo, alikuwa akimwambia Kidoti, maana wiki nzima alikuwa anapiga pasi kofia za kwaya.

Na hizo kofia lazima zielezwe, kwa sababu Mama Pini alijivunia kazi ile kuliko nguo ya harusi. Kwaya ya shule, ambayo Kidoti naye aliimba, ilikuwa inajiandaa kwa mashindano, na mwalimu alitaka kila mtoto awe na kofia ya bluu. Fundi mwingine angepita na futi, apime kichwa kimoja kimoja, aandike. Mama Pini hakutaka mambo hayo. "Kichwa si kiuno," alikuwa akisema. "Futi inakwambia mzunguko, haikwambii umbo." Yeye alishona kofia moja ya kupimia, akaiacha wazi nyuma, akaenda nayo shuleni wakati wa mazoezi. Watoto walipanga mstari. Alimvalisha wa kwanza, akabana nyuma kwa pini, akaweka alama ya chaki, akaivua, akamvalisha anayefuata. Huyu ongeza vidole viwili. Huyu punguza kimoja. Kabla wimbo wanaoufanyia mazoezi haujafika ubeti wa mwisho, alikuwa amemaliza kwaya nzima, na mwalimu akampigia makofi. Jua lilikuwa kali siku hiyo, basi akarudi nyumbani na kofia ileile kichwani. Na kila kofia mpya aliyoimaliza aliijaribu kwanza kwake mbele ya kioo, kwa sababu kofia isiyo na kichwa, kwa maneno yake, ni mfuko tu.

Lakini Jumamosi ile hakuwaza kofia. Aliwaza jirani wa ng'ambo ya ukuta.

"Kidoti, unacheza wapi ukitoka shule?"

"Kwa kina Chiriku."

"Na darasani unakaa na nani?"

"Na Chiriku."

"Basi," alisema Mama Pini, akainuka.

"Mama, lakini Chiriku—"

Mama alikwisha kuwa mlangoni.

Chiriku alikuwa mtoto wa nyumba ya pili, aliyeitwa hivyo kwa kuongea toka anaamka mpaka analala. Nyumba mbili hizo ziliegemea ukuta mmoja na kutumia ua mmoja, na katikati ya ua palikuwa na bomba ambalo nyumba za jirani pia zilichota. Mama Chiriku alikuwa dobi. Kazi yake kubwa ilikuwa mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mwisho wa barabara, na shuka pana lililolowa halikamuliwi na mtu mmoja. Kwa hiyo kila siku ya mashuka Mama Chiriku aligonga ukuta mara moja, Mama Pini akaacha cherehani, akatoka, akashika ncha. Mmoja alisokota kulia na mwingine kushoto, huku wakisimuliana ya mtaani, mpaka shuka likawa kama kamba na maji yamekwisha. Walikuwa wamefanya hivyo tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Chiriku alimwita Mama Pini mama mdogo, na Kidoti alimwita Mama Chiriku vivyo hivyo. Hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Basi Mama Pini alitoka na hasira, na hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka hayo. Bombani palikuwa na wanawake watatu na ndoo zao, na pembeni alisimama msimamizi wa nyumba ya wageni, mama mmoja mpole wa miwani, amekuja kuhesabu mashuka yake. Mama Chiriku alikuwa amechutama kwenye beseni, povu mpaka viwikoni.

"Mama Chiriku, mwangalie mwanao kichwa kabla hajatumalizia watoto."

Mama Chiriku aliinua uso akitabasamu, akidhani ni utani wao. "Kichwa kina nini tena?"

"Chawa. Wangu wamemjaa. Na hachezi kwingine ila kwako. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

"Mwenzangu, ongea polepole."

"Niongee polepole kwa nini? Unafua nguo za watu, za kwako zimekushinda?"

Maneno hayo yalipotoka, hata ndoo iliyokuwa inajaa ilionekana kuacha kelele. Msimamizi wa miwani aliangalia mashuka yake kwenye kamba, moja baada ya jingine, akaondoa mkono aliokuwa ameuweka juu ya shuka la mwisho.

Mama Chiriku alijifuta povu kwenye kanga, akamwita bintiye, akageuza ndoo chini juu, akamkalisha hapo karibu na bomba. Akaingia ndani, akatoka na mkasi na wembe. Hakumkagua mtoto. Kukagua kungechukua muda, na asiyetaka kuamini asingeamini. Kichwa kisicho na nywele hakina mjadala. Misuko ya Chiriku ilikuwa mirefu na mizito, ndiyo iliyokuwa ikisifiwa shuleni. Ilianguka mmoja mmoja kwenye maji ya povu. Chiriku, ambaye hata akiumwa jino alikuwa haachi kuongea, siku hiyo hakusema neno. Alishika magoti yake, akatazama mlango wa kina Kidoti.

"Haya," Mama Chiriku alisema alipomaliza. "Anayetaka kuangalia aje aangalie."

Hakuna aliyekwenda. Mama Pini alirudi ndani, na ukweli ni kwamba moyo wake ulimchoma kidogo alipoona ile misuko majini. Lakini mtu aliyekwisha kupanda juu ya ukuta hupenda kwanza kukaa huko, aonekane alikusudia.

Duka la dawa lilikuwa la binti mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye hakushangaa hata kidogo. Alimpa dawa, akamweleza kwamba inaua wanaotembea lakini mayai mengine hubaki, kwa hiyo baada ya wiki airudie. Katikati ya hapo amlowanishe mtoto nywele, azipake mafuta, azichane kwa kitana cha meno ya karibu kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha, fungu kwa fungu, kila baada ya siku mbili tatu, mpaka kitana kitoke kitupu.

"Ni usafi mdogo tu," Mama Pini alisema, akimaanisha wa watu wengine.

"Hapana, mama. Chawa hachagui kichwa kichafu wala kisafi. Na haruki, hana mbawa. Anatembea tu. Lazima apewe daraja." Yule binti alifunga mfuko. "Na nyinyi wengine nyumbani mjiangalie."

"Nyumbani tuko wawili. Baba yake dereva wa lori, yuko safarini. Na mimi sijambo," alijibu Mama Pini, akajikuna juu ya sikio.

Wiki ikaanza vibaya. Siku ya mashuka ilipofika ukuta haukugongwa. Mama Pini alichungulia dirishani akamwona jirani yake amefunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo ya kamba, anasokota peke yake, na shuka likimponyoka na kuburuzika chini, analirudisha kwenye beseni bila kunung'unika. Nayo mashuka hayakuwa ya nyumba ya wageni. Yalikuwa ya majirani tu. Msimamizi wa miwani alikuwa amechukua yake yote, akayapeleka kwa dobi wa ng'ambo ya barabara, kwa sababu mgeni akisikia habari ya chawa halali, na nyumba ya wageni isiyo na wageni ni nyumba tu. Hakumlaumu mtu. Alisema kwa upole wake wote kwamba ni kwa muda, tuone.

Jumatatu asubuhi Mama Pini alikutana na Chiriku uani, amevaa sare, kichwa kinang'aa.

"Shikamoo, Mama Pini," mtoto alisema, akapita.

Siyo mama mdogo. Mama Pini alisimama na ndoo mkononi, maji yakamwagikia miguuni.

Jumatano alikunja kofia zote kwenye mfuko, akaenda nazo shuleni, ile ya kupimia ikiwa juu kama kawaida yake. Mwalimu wa kwaya, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alimpokea mlangoni mwa ofisi ya walimu, akazisifu kofia, kisha akakuna kidevu.

"Lakini zisubiri kidogo, mama. Watoto siku hizi wanajikuna kuliko wanavyoimba. Ijumaa iliyopita niliwapanga mstari nikawakagua. Kwaya nzima wana chawa. Mwalimu mkuu akasema tusiite wazazi mpaka muuguzi aje athibitishe."

"Kwaya nzima?"

"Isipokuwa mmoja. Chiriku. Kichwa safi kama sahani. Ndiyo maana Jumatatu alipokuja kipara nilishangaa. Nani kamnyoa mtoto yule, na kwa kosa gani?"

"Na madarasa mengine?" aliuliza Mama Pini.

"Hakuna. Nimeuliza walimu wote. Ni kwaya tu, na sijui wamepeana wapi. Labda ule mkeka wanaokalia wakati wa mazoezi."

Mkono wa Mama Pini ulikuwa umelala juu ya kofia ya kupimia, na mkono ulikumbuka kabla ya kichwa. Ulikumbuka mstari. Ulikumbuka kuvalisha, kubana, kuvua, kuvalisha. Ulikumbuka na mtu aliyekosekana kwenye mstari ule, kwa sababu siku hiyo Chiriku alikuwa amelala nyumbani na homa, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kwa mbwembwe, "Huyo msimsubiri, kichwa chake nakijua, ni sawa na cha wangu." Kwaya nzima walivaa kofia ile. Chiriku hakuivaa.

Daraja, alisema yule binti wa dawa. Mama Pini alikuwa amelishona kwa mikono yake, na mshono maridadi juu yake.

Mwalimu alikuwa bado anamtazama, anangoja jibu.

"Labda ni mkeka," alisema Mama Pini, akafunga mfuko, akaondoka na kofia zake.

Njia nzima neno lile la mkeka lilimkaa kooni. Pini hajawahi kumeza, lakini siku hiyo alijua inavyokuwa. Alijitetea kidogo, kama tunavyojitetea sote: hakujua, alikuwa na kazi nyingi, na chawa wenyewe si wake, kuna mtoto alikuja nao kwenye mstari. Yote yalikuwa kweli na hayakumsaidia. Mtoto wa watu kanyolewa. Dobi kapotezewa mashuka. Na ulimi ulikuwa wake.

Jioni, mwanga ukiwa bado upo, alimkalisha Kidoti kwenye kigoda, akamlowanisha, akampaka mafuta, akagawa nywele kwa vibanio vya nguo kama anavyogawa kitambaa cha gauni. Alichana fungu la kwanza, akafuta kitana kwenye kitambaa cheupe. Akachana la pili.

"Mama."

"Naam."

"Chiriku amehama dawati. Anakaa mbele sasa."

Mama Pini alichana.

"Mwalimu alimwangalia kabla yangu. Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Alisema, safi, nenda."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia. Ulikuwa umeshafika nje unagomba."

Alisema bila ubaya, kama mtoto anavyotaja rangi ya kitu. Mama Pini alimaliza fungu lile, akamfunga binti yake taulo, akambusu kwenye kile kidoti. Kisha akavua kilemba chake, akainama juu ya kitambaa cheupe, akapitisha kitana kuanzia utosini. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili wakaanguka wawili pamoja.

Kidoti aliinama kuwatazama. "Na wewe unao!"

"Ninao."

"Basi si joto la pasi," mtoto alisema. Nyani haoni kundule, lakini mwanawe hulisimulia vizuri.

Jioni ileile Mama Pini alijitanda kanga kichwani, akanyata mpaka mlango wa pili, akabisha kwa kidole kimoja. Mama Chiriku alifungua nusu.

"Jirani, nimekuja kukuomba radhi," Mama Pini alinong'ona. "Chawa hawakutoka kwenu. Wametoka kwenye kofia yangu, ile niliyowapimia watoto. Chiriku hakuwa na kitu. Nisamehe."

Mama Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na macho mekundu ya sabuni, au ya jambo jingine.

"Ulinitukana bombani, mchana, kwa sauti ya mnada," alisema. "Radhi unaniletea mlangoni kwa kunong'ona?"

Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, na hilo liliuma zaidi.

Basi hapo ndipo Mama Pini alipojua atakalofanya. Alhamisi alirudi shuleni akamwambia mwalimu wa kwaya kwamba si mkeka, ni kofia, na ni yeye. Mwalimu alisema asante mama kwa kusema, sasa tuwaite wazazi. Alipotoka hapo alizichemsha kofia zote kwenye sufuria, akazianika, akazipiga pasi upya. Ile ya kupimia aliitia motoni, ingawa pasi ingetosha. Kisha akangoja Jumamosi, kwa sababu Jumamosi alasiri msimamizi wa nyumba ya wageni angepita njia ile na furushi lake, akielekea kwa dobi wa ng'ambo.

Jumamosi wanawake walikuwa bombani kama kawaida. Mama Chiriku alikuwa kwenye beseni, na Chiriku karibu naye anasuuza soksi. Mama Pini alitoka bila kilemba. Nywele zake alikuwa amezifumua, zimesimama kila upande, na mtaa haukuwahi kumwona hivyo. Mkono mmoja ulishika kigoda, mwingine ulishika kitana, futi na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, ambao hata mumewe haruhusiwi kuugusa. Aliweka kigoda mbele ya beseni, akakaa, akaweka mkasi juu ya magoti ya jirani yake.

"Nilisema hapa, nasema hapa," alisema, na sauti yake ilifika mpaka nguzo ya mwisho. "Mtoto wako hakuwa na chawa. Nyumba yako haina chawa. Wametoka kwenye kofia niliyoipitisha vichwani mwa watoto wa kwaya, na mimi mwenyewe ninao, angalieni. Mtoto wako amenyolewa kwa mdomo wangu. Basi ninyoe na mimi. Asiwe peke yake."

Mwanamke mmoja alisema "Ee!" akaacha ndoo ifurike. Chiriku alisimama na soksi mkononi, anatazama mkasi.

Mama Chiriku aliuchukua mkasi, akaufungua, akaufunga, ukalia. Halafu akauweka chini.

"Kipara kimoja kinatosha kwenye ukuta huu," alisema. "Na kunyoa ni kazi ya mara moja, halafu utavaa kilemba chako, nani atakuona? Wewe utakaa hapo hapo nikuchane. Jino kwa jino. Geuka."

Mama Pini aligeuka. Mama Chiriku alimlowanisha kwa maji ya beseni, bila huruma nyingi, akamvuta kichwa nyuma mpaka kikalala kwenye mapaja yake, akaanza kuchana kuanzia utosini.

"Wapo?" aliuliza Mama Pini.

"Wapo. Na wameshiba."

Mmoja wa wanawake alicheka, akajiziba mdomo. Mama Chiriku hakucheka, lakini mkono wake ulilegea kidogo.

"Ulijua misuko ile nilianza kuikuza lini?" alisema kwa sauti ya chini, ya wao wawili. "Alipotoka hospitali. Nywele zilikuwa zimemtoka zote kwa ugonjwa. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na bado ukasema."

"Nikasema," alisema Mama Pini, na machozi yakamteremka kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutafuta la kujitetea.

Hapo ndipo msimamizi wa miwani alipotokea kwenye kona, na kijakazi wake nyuma yake amejitwika furushi la mashuka. Aliwaona, akapunguza mwendo. Aliona kitana. Alitaka kupita upande wa pili wa njia, na Mama Pini, kichwa kikiwa bado mapajani, akainua mkono.

"Mama, usipite. Njoo uone vizuri."

"Mnafanya nini?" aliuliza msimamizi, asijue aangalie wapi.

"Natolewa chawa," alisema Mama Pini kwa sauti yake yote ya mnada. "Ni wangu. Wametoka kwangu, kwenye ushonaji wangu. Kwa huyu dobi havijawahi kuwepo vitu hivyo, wala kwa mwanawe. Mwulize mwalimu wa kwaya. Nilimsingizia, na ukamnyima kazi kwa maneno yangu. Kama ni kunyima mtu kazi, ninyime mimi. Mapazia yako nilikuwa nishone mimi. Mpe mwingine."

Mapazia yale yalikuwa ya vyumba vyote vya nyumba ya wageni, na Mama Pini alikuwa ameshayakatia karatasi za vipimo. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama. Mama Chiriku alikuwa ameacha kuchana, kitana kimetulia katikati ya fungu.

Msimamizi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Alimtazama fundi aliyelala chali na nywele zinazochuruzika, akamtazama dobi, akamtazama mtoto mwenye kipara. Kisha akamgusa kijakazi begani.

"Lishushe hapa," alisema. Furushi likashushwa pembeni ya beseni. "Yanatakiwa kesho jioni, Mama Chiriku. Na mimi ndiye nikuombe radhi, maana sikuuliza." Akageuka kwa Mama Pini. "Ya mapazia nitaangalia. Kwanza pona."

Akaenda zake. Wapita njia nao wakaenda zao, wakiwa na la kusimulia.

Mama Chiriku alimalizia lile fungu, akafuta kitana, akawaweka wafungwa wake juu ya ukucha wa gumba la kushoto. "Chiriku, njoo ulete gumba lako. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Chiriku alikuja, akaweka gumba lake juu ya la mama yake, akabana. Kidoti, aliyekuwa amejificha mlangoni muda wote huo, alitoka mbio ili asikose. Wakabanana wote watatu juu ya kichwa cha Mama Pini kama mafundi juu ya saa, wakisukumana, wakihesabu, wakibishana yupi mkubwa. Maneno ya Chiriku yalianza kutoka moja moja, yakawa mawili mawili, kisha yakafunguka kama bomba lililokuwa limeziba: kwamba kipara kinasikia baridi asubuhi, kwamba darasani kuna mtu alimwita yai, kwamba kofia ya kwaya haiwezi kumkaa sasa, itamfunika mpaka puani.

"Ndiyo maana nimekuja na futi," alisema Mama Pini kutoka chini. "Ya kwako nitaipima kwa futi. Na ya kila mtu, tangu leo mpaka nife."

"Wewe si husema kichwa si kiuno?" Mama Chiriku alisema.

"Nilisema mengi."

Kazi ile ilichukua alasiri nzima, na kitana hakikutoka kitupu. Ingebidi kurudia, na kurudia tena. Mama Chiriku aliinuka akijinyoosha mgongo, akafungua furushi, akatumbukiza mashuka kwenye beseni. Alifua la kwanza, akalisuuza. Lilikuwa pana, la kitanda kikubwa, na lilitiririsha maji kila upande. Aliitazama nguzo. Halafu akasimama tu, ameshika ncha moja, nyingine inaning'inia, anatazama pembeni kama mtu anayewaza mambo mengine.

Mama Pini alikuwa anajifuta kichwa. Hakuona.

"Mama mdogo," Chiriku aliita. "Shuka linagusa chini."

Mama Pini aliacha taulo, akaenda akashika ncha.

"Kulia," alisema Mama Chiriku.

"Najua," alisema Mama Pini, akasokota.